Miduara ya Kakapel

Barabara kuu ya kutoka Bungoma kwenda Malaba ni ya malori. Madereva hulala ndani ya gari wakingoja zamu ya forodha, wauza ndizi na maji hupita katikati yao, na bodaboda hujipenyeza mahali ambapo hata mtu wa miguu angesita. Ni wachache katika halaiki hiyo wanaojua kwamba upande wa kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, upo mwamba uliochorwa na mabingwa wa sanaa dhahania karne nyingi kabla mtu yeyote hajaipa sanaa hiyo jina.

Mwamba huo ni Kakapel. Sanaa dhahania ni ile isiyotaka kuonyesha mtu, mti wala nyumba, bali inatafuta kusema kwa mstari, umbo na rangi peke yake. Wengi wetu tulifundishwa kuiona kama mgeni aliyetua kutoka Ulaya katika karne ya 20. Majirani wa mwamba huo, watu wa Kocholia na Amagoro, wana ushahidi wa kinyume umbali mfupi tu kutoka nyumbani kwao. Hapa miduara ndiyo iliyotangulia. Ng'ombe wenye pembe na miguu minne walikuja baadaye wakachorwa juu yake. Na kila jamii iliyofika kwenye mwamba huo ilifanya kile anachofanya msanii yeyote mbele ya kazi ya aliyemtangulia: ilitazama, ikachota, kisha ikaongeza cha kwake.

Wachoraji hao hawakuacha jina. Maisha yao tunayasoma katika udongo ulio chini ya michoro, na katika yale ambayo waliokuja baada yao waliamua kutoyafuta.

Kabla ya rangi: miaka 9,000 iliyopita

Kakapel si pango refu la kuingia kwa tochi. Ni mwamba mkubwa uliojiinamia mbele, ukaacha chini yake kivuli kikavu ambacho mvua hukifikia kwa shida. Watu walianza kukitumia kivuli hicho miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Walikuwa wawindaji na wachumaji, wakila walichopata porini na majini.

Watu hao waliacha vigae vya vyungu vya aina ya Kansyore, jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera, ambako vyungu vya namna hiyo vilitambuliwa kwanza. Ukitazama kigae cha Kansyore unaona alama zilizogandamizwa udongo ungali mbichi, safu baada ya safu, mara nyingi zikifunika sehemu kubwa ya chungu. Mchuzi hauivi upesi zaidi kwa sababu chungu kimepambwa. Mfinyanzi alitumia muda wake kwenye ruwaza ile kwa kuwa aliitaka, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria mapenzi ya alama zinazojirudia ni ya kale kuliko kilimo, kuliko chuma, kuliko ng'ombe.

Mkono wa kwanza

Tabaka la kwanza la michoro ya Kakapel ni la miduara inayozungukana, duara ndani ya duara, pamoja na mistari. Watafiti hukadiria kwamba lilichorwa kati ya miaka 4,000 na 2,000 iliyopita, na wanalihusisha na Watwa, wawindaji wa asili ya misitu ya Afrika ya Kati, ambao kumbukumbu zao zimesambaa katika simulizi za watu wengi wa eneo la maziwa makuu.

Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, pale utafiti wa vinasaba vya kale ulipochapishwa, vikiwamo vya mtu aliyezikwa Kakapel takriban miaka 3,900 iliyopita. Alikuwa wa jamii ya wawindaji, na sehemu ya nasaba yake inamweka karibu na Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Si lazima awe yeye aliyechora. Lakini watu wa damu yake walikuwapo.

Rangi nyekundu ilitokana na udongo wenye madini ya chuma, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kunatisha. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe. Brashi haikuhitajika. Katika mtindo huu wa miduara, unaoonekana kutoka Zambia hadi Uganda, upana wa mstari kwa kawaida ni upana wa kidole. Mchoraji wa leo anayeishi kwa kuhesabu bei ya rangi na turubai angefaidika kukaa mbele ya kazi hiyo kidogo. Vifaa vyote vilikuwa mkono, udongo na ukuta, na kazi imedumu kuliko falme zote zilizowahi kutawala hapa.

Walitaka kusema nini? Catherine Namono ni mtafiti aliyeandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kuhusu michoro ya mwambani ya Uganda. Yeye na wenzake huisoma miduara hii kwa kuihusisha na mvua, uzazi na imani za watu wa msituni. Kisiwani Mfangano, ndani ya Ziwa Viktoria, yapo mapango ya Mawanga na Kwitone yenye michoro ya ukoo huohuo, na Waabasuba walipahusisha mahali hapo na ibada za kuomba mvua muda mrefu baada ya wachoraji wenyewe kutoweka. Kwa hiyo tafsiri ya mvua haikuzaliwa mezani kwa wasomi. Wenyeji waliishi nayo.

Wapo wanaotaka kuwauliza Wambuti wa leo. Huko Ituri, wanaume hutwanga gome la mti hadi liwe kitambaa laini, kisha wanawake hukipamba kwa maji ya matunda na masizi. Mistari yao hukatika ghafla, hubadilisha mwendo, huacha uwazi mkubwa mahali ambapo jicho lilitarajia kujaziwa. Waliosikiliza nyimbo za Wambuti, ambamo kila sauti huingia kwa wakati wake, wameona mpangilio uleule kwenye kitambaa. Mimi sisemi kwamba kitambaa cha karne ya 20 ni ufunguo wa mwamba wa miaka 3,000. Lakini kinatuonya tusimfikirie mchoraji wa Kakapel kuwa lazima alikuwa mganga mzee wa kiume mwenye ndevu. Huenda alikuwa mama aliyechora akiimba.

Kunde, ng'ombe na pembe ndefu

Miaka ipatayo 2,300 iliyopita mambo yaligeuka. Kunde zilizoungua motoni Kakapel zimepimwa umri moja kwa moja na kurudisha tarehe hiyo, na katika kipindi hichohicho ndipo mifugo ya nyumbani inapoonekana. Vyungu navyo vilibadilika: vikaja vya Urewe, jina la mahali huko Siaya, vyenye mifereji iliyochorwa kwa ncha ya kijiti ikipinda na kujizungusha kwenye shingo na mabega ya chungu. Hao walikuwa wakulima wa kwanza wa eneo hili, ambao wengi huwahusisha na kuenea kwa lugha za Kibantu.

Tabaka la pili la michoro ndilo la wanyama, hasa ng'ombe wenye pembe ndefu, na limepita juu ya miduara. Hapa ndipo ninapoiona nukta muhimu kuliko zote katika historia ya Kakapel. Mfugaji aliyetaka kumchora ng'ombe wake alikuwa na mwamba mzima, na bado alimchora palepale penye miduara. Hakuikwangua kwanza. Hakusogea pembeni. Ukuta uliokwisha kuchorwa ulikuwa na thamani kwake kwa sababu ulikuwa umechorwa, na ng'ombe wake alipata nguvu kwa kusimama juu ya alama za watu waliomtangulia. Msanii anayeogopa kwamba kuchota kwa mwingine ni wizi na atazame pale.

Miaka 1,000 hivi iliyopita zikafuata nafaka, mtama na wimbi, pamoja na vyungu vilivyopambwa kwa kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi. Mpaka leo wafinyanzi wengi wa Kenya ya magharibi na Uganda hutumia mbinu hiyo. Wimbi nalo halijaondoka. Mteso hawezi kusimulia maisha yake bila kulitaja.

Wateso wafika: karne ya 18 na ya 19

Wateso ni ndugu wa Wakaramoja, Waturkana na Wajie, watu wa kundi la Ateker. Kutoka upande wa Karamoja walisogea kusini na magharibi wakitafuta malisho na mashamba, na wengine wakashuka hadi Tororo na nchi ambayo leo ni Busia. Safari haikuwa ya amani wakati wote. Wabukusu na Wateso walipigana, wakaibiana ng'ombe, wakaoana, wakaazimana maneno, kama ilivyo desturi ya majirani.

Walipofika Chelelemuk waliukuta mwamba umejaa. Tabaka la mwisho la michoro, la maumbo dhahania ya jometri, linahusishwa na mababu wa Wateso. Maana yake ni kwamba baada ya karne nyingi za ng'ombe, mkono ulirudi kwenye mistari na maumbo yasiyotajika jina. Wanahistoria wa sanaa wa Ulaya hupenda kusimulia safari ya upande mmoja: mchoraji huanza na vitu, akakomaa, akafika kwenye udhahania. Kakapel ilianza na udhahania, ikaenda kwa vitu, ikarudi.

Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeandika kuhusu Wateso wa Kenya katika miaka ya 1970, alishughulika sana na jambo moja linaloonekana dogo: unywaji wa pombe ya wimbi, ajon. Chungu huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa, na watu huketi kukizunguka kila mmoja akinyonya kwa mrija mrefu. Nani aketi wapi, nani ashiriki mrija na nani, hayo ni mambo ya heshima na ukoo. Mimi nikiitazama miduara ya Kakapel huliona kundi hilo kutoka juu, chungu katikati na watu pembeni. Hiyo ni ndoto yangu, si matokeo ya utafiti.

1902: mwamba wapata nchi

Mwishoni mwa karne ya 19 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliongoza majeshi yake kuiteka nchi ya Teso kwa faida ya Waingereza. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Tarehe 1 Aprili 1902, ili njia yote ya reli iwe chini ya utawala mmoja, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo, na kusahihishwa na amri za baadaye, unafuata mito Sio na Malaba kabla ya kupanda kuelekea Mlima Elgon. Reli ya kwenda Kampala nayo ikapitishwa Malaba, ikafika Kampala mwaka 1931, na mji wa mpakani ukapata kazi yake.

Wateso waliamka wakiwa watu wa nchi mbili. Michoro pia. Kakapel ilibaki Kenya. Nyero, iliyo karibu na mji wa Kumi, ikabaki Uganda. Ni sanaa ya ukoo mmoja, lakini tangu hapo imesomwa na wataalamu tofauti, ikalindwa kwa sheria tofauti na kupata umaarufu usio sawa.

1913 hadi 1968: Nyero yatangulia

Michoro ya Nyero iliandikwa kwenye kumbukumbu za kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, Mrusi Wassily Kandinsky alichora karatasi yake mashuhuri ya miraba yenye miduara inayozungukana, ambayo leo hutundikwa kwenye madarasa ya watoto duniani kote. Kandinsky alisifiwa kuwa mwanzilishi. Aliyechora Nyero aliitwa mtu wa kabla ya historia.

Nyero ina maficho kadhaa. La kwanza lina seti 6 za miduara myeupe. La pili ndilo kubwa, ukuta mrefu wenye miduara myekundu kwa makumi pamoja na maumbo yanayofanana na mitumbwi, na hayo ya mitumbwi yamewasumbua watafiti sana. Mwaka 1953 J.C.D. Lawrance, ofisa wa kikoloni aliyekuja kuandika kitabu kuhusu Wateso, alichapisha makala juu ya michoro ya Teso katika jarida la Uganda Journal. Mwaka 1968 Merrick Posnansky na C.M. Nelson walitoa ripoti ya uchimbaji wao wa Nyero.

Na wasanii wa Kampala je, waliitazama michoro hiyo? Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika Chuo cha Makerere katika miaka ya 1930. Aliamini kwamba kijana Mwafrika hakupaswa kulazimishwa kunakili sanamu za Kigiriki. Achore hadithi na maisha ya kwao. Ulikuwa msimamo wa kishujaa kwa wakati wake, ila uliwaelekeza wanafunzi kwenye picha zinazosimulia: harusi, soko, msalaba. Ruwaza aliziweka kwenye fungu la ufundi wa mikono. Mwaka uleule wa 1953 yeye na K.P. Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, na mwaka 1960 akatoa kingine juu ya nakshi za Kiafrika, chenye mikeka, vibuyu, shanga na vyungu. Alizipenda kwa dhati. Lakini mgawanyo huo, picha huku na nakshi kule, uliwafanya wasanii wengi wa kizazi cha kwanza wapite karibu na Nyero wasione kwamba pale palikuwa na mwalimu.

Si wote. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alifungua jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, akawakataza wafuasi wake kunakili kwa maneno makali: kunakili humlaza Mungu usingizi. Theresa Musoke, Mganda aliyesoma Makerere miaka ya 1960 kisha akaishi Nairobi kwa takriban miaka 20, alichora wanyama wanaotokeza na kuzama ndani ya matabaka ya rangi, huoni mmoja anapoishia na mwingine anapoanzia. Anayetoka kutazama picha zake akaenda Kakapel atajua kwamba macho yake yamekwisha kufunzwa.

1977 hadi 2004: Kakapel yaandikwa

Kakapel ilisubiri mpaka mwaka 1977. Mwanaakiolojia Mkenya Osaga Odak ndiye aliyechapisha makala katika jarida la Azania juu ya michoro ya Kakapel na mingine iliyokuwa imegunduliwa karibuni katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Ninasema "iliyogunduliwa" kwa adabu ya kitaaluma. Wazee wa Chelelemuk walikuwa wakiijua siku zote.

Mwaka 1996 mpigapicha David Coulson alianzisha Nairobi shirika la TARA, linalorekodi michoro ya mwambani barani kote, na Kakapel ikawa miongoni mwa mahali liliposhughulika napo pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenyeji. Mwaka 2004 serikali ilitangaza mwamba huo kuwa kumbukumbu ya kitaifa.

Tangazo lilihitajika. Wageni walikuwa wameanza kuandika majina yao ukutani, na ikabidi maandishi yasafishwe kwa uangalifu mkubwa. Kizazi chetu nacho kilitaka kuacha alama, kama waliotangulia. Tofauti ni kwamba Mtwa, mfugaji na Mteso waliacha kazi, sisi tukaacha jina na tarehe.

2024: udongo wasema

Julai 2024 timu iliyoongozwa na Steven Goldstein na Natalie Mueller, ikiwamo Emmanuel Ndiema na Christine Ogola wa Makavazi ya Kitaifa, ilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Kakapel. Humo ndimo mlimokuwa na kunde za miaka 2,300, mtama, wimbi, na njegere moja iliyoungua ambayo hakuna aliyeitarajia katika kilimo cha zamani cha eneo hili. Ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa mazao ya shambani uliopatikana Afrika Mashariki, na uligonga vichwa vya habari nchi za mbali.

Kwa msanii, habari hiyo ina uzito wa namna yake. Sasa tunaweza kueleza, kwa kiasi fulani, watu wa kila tabaka la rangi walikula nini, walipikia chungu cha namna gani na walikuwa ndugu za nani. Wasifu wa Kandinsky una barua na picha. Wasifu wa wachoraji wa Kakapel una majivu, mifupa na mbegu, na unaongezeka kila uchimbaji unapofanyika.

Mwalimu wa sanaa wa Kocholia, Malaba au Busia asiwaambie wanafunzi wake wanakili miduara hiyo kwa kalamu na rula. Awapeleke, wakae kivulini, watafute ni mstari upi ulio juu na upi ulio chini, kisha warudi darasani na udongo wa kwao wapake kwa kidole kwenye karatasi. Ukutani wasiguse, wala wasimwagie maji ili picha za simu zitoke vizuri, kwa maana maji huondoka na rangi. Na serikali za Kenya na Uganda, ambazo kila siku hupitisha malori kwa mamia katika kituo kimoja cha forodha pale Malaba, zikae meza moja ziiombee Nyero na Kakapel ulinzi wa UNESCO kwa pamoja, kama urithi mmoja.